Bangi ya Chifu Prasit

Maiti ya chifu mstaafu Prasit ilikutwa chali juu ya mkeka, katikati ya bani lake la zamani la kukaushia tumbaku, na juu yake matawi ya bangi aliyoilima mwenyewe yakining'inia kichwa chini. Feni ya mezani ilikuwa bado inazunguka. Ilikuwa ikimpulizia marehemu kwa bidii kana kwamba yeye ndiye aliyetundikwa akauke.

Inspekta Bunlert alivua viatu mlangoni kwa mazoea, kisha akavivaa tena alipokumbuka kwamba hapo hakuja kutembelea mtu.

"Nani alimkuta?"

"Kibarua wake, afande. Sai Tun, Mshan mmoja wa ng'ambo ya mpaka," alijibu Koplo Anuwat. "Alimletea uji wa asubuhi. Akagonga, kimya. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, akauvunja kwa bega."

"Mwite."

Koplo alichungulia nje, akakuna kichwa. "Alikuwa hapa sasa hivi, afande."

Bunlert alishusha pumzi. Siku ilikuwa imeanza vibaya, na alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba siku za namna hiyo hazijirekebishi zenyewe.

Daktari Rungnapha alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka. Alifunua shati la marehemu, akabonyeza ngozi kwa kidole. Mashavu ya mzee yalikuwa na wekundu mzuri, na madoa ya damu mgongoni yalikuwa mekundu vilevile.

"Amenawiri kuliko alivyokuwa hai," alisema Koplo.

"Huo wekundu ndio uliomuua," Daktari alisema. "Kavuta hewa ya sumu ya moto. Hiyo haina harufu wala haimkohozi mtu. Unasinzia, basi. Nitathibitisha kwenye uchunguzi wa maiti, lakini sioni kingine."

Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote wa kijiji cha Mae Lua moto huo ulitoka wapi. Bani ni jengo la udongo lisilo na dirisha. Mdomo wa tanuri uko nje, na bomba la chuma hupita sakafuni ndani likibeba joto, kisha hutoka juu kwenye dohani na moshi wake. Bonde zima lilikuwa likikausha tumbaku hivyo kabla kampuni ya sigara haijaacha kununua. Bani la Prasit halikuwa limewashwa kwa miaka mingi, na bomba lake lilikuwa limetoboka kutu kila kiungo.

Nje ya ua majirani walikuwa wameshatoa hukumu yao.

"Kaikausha kitumbaku!"

"Wazee hawa! Unamwambia bangi inataka feni, yeye anasikia tanuri."

"Ndiyo ujuzi wa kujifunza uzeeni huo. Maskini."

Tangu sheria ibadilike mwaka jana na bangi kuruhusiwa, hapakuwa na nyumba Mae Lua isiyo na vyungu vya bangi nyuma ya bafu. Bunlert mwenyewe alikuwa ameotesha miche mitatu, ikafa yote, mizizi imeoza kwa kumwagiliwa kwa upendo uliozidi kiasi. Lakini kitu kimoja alikijua, kile ambacho kila anayeanza hufundishwa siku ya kwanza. Alinyoosha mkono, akachuma kijiti kwenye tawi la pembeni, akakikunja. Kikakatika, ta! Akaenda katikati, penye matawi mazito yaliyosongamana. Akakunja kingine. Ta!

Juu ya meza ndogo palikuwa na mkasi uliojaa utomvu mweusi, na chupa mbili za kioo zenye vifuniko. Moja ilikuwa imejaa maua yaliyopunguzwa majani vizuri. Ya pili ilikuwa nusu.

"Koplo, nguo zako zikishakauka kwenye kamba, ukaanza kuzikunja na kuzitia sandukuni, unaziwashia moto?"

"Hapana, afande. Kwa nini?"

"Hata mimi najiuliza kwa nini."

Walizunguka nyuma, kwenye mdomo wa tanuri. Gogo moja refu lilikuwa limesukumwa ndani na kuungua hadi nusu. Mdomo ulikuwa umekandikwa udongo, ukabakizwa uwazi wa ngumi moja chini. Joto lilikuwa limeuchoma udongo huo ukawa mgumu kama kigae. Bunlert alichuchumaa, akautazama sana. Ulikuwa umechanganywa na pumba za mpunga, na juu yake zilionekana alama za vidole vilivyoupapasa.

"Panda juu," alimwambia Koplo. "Nitazamie dohani."

Koplo aliegemeza ngazi, akapanda, akatia mkono. Alichomoa gunia lililolowa, zito, linatiririka maji meusi.

Majirani walirudi nyuma hatua moja. Bunlert naye hakufurahi. Wapo wapelelezi wanaofurahia kugundua kwamba ajali si ajali, lakini yeye alihisi tu uchovu, maana alijua kwamba kuanzia saa hiyo Mrakibu wake angetaka mtu wa kumfunga, na angemtaka haraka.

*

Mama Sriphan, mjane, alikuwa ameketi sebuleni chini ya bamba la shaba lililoandikwa KIJIJI KISICHO NA BANGI. Mumewe alipewa bamba hilo zamani, akiwa chifu, naye hakuliondoa hata alipoanza kupanga vyungu vyake chini yake apige picha.

"Pole sana, mama."

"Mimi ndiye niliyemfukuza alale kule, mwanangu," alisema. "Nyumba nzima ilinuka fungo. Nikamwambia chagua, mimi au majani yako. Akabeba mkeka." Alicheka kidogo, kisha akalia kabisa, na Bunlert akangoja. "Na aliogopa wezi. Maisha yake yote akikamata watu kwa huo mmea, halafu anakwenda kuulinda usiku kama kitoto kichanga."

"Alikuwa na adui?"

"Uchifu huo! Utakosaje adui? Lakini wa kumuua, simjui."

"Na Sai Tun? Waligombana?"

"Alimpiga kofi siku moja kwa kumwagilia sana mimea. Kisha akamnunulia soda. Prasit alikuwa hivyo, hakuweka kitu moyoni. Akishakutenda ameshasahau."

"Mzee aliwahi kuwasha bani kwa mkono wake?"

"Prasit?" Mama Sriphan alifuta macho. "Hata jiko la chai alikuwa akiniita mimi. Tulikuwa na walinzi wa moto, wanalala pale nje msimu mzima."

"Wako wapi sasa?"

"Wamekwisha. Moshi uliwala mapafu wote. Wa mwisho tulimchoma hekaluni mwaka juzi."

"Na kukausha bangi nani alimfundisha?"

"Mwanzo hakuna. Miche ya kwanza ilioza. Ya pili ikatoka madume matupu, naye kaitunza miezi akiisifu kwa wageni. Hii ya tatu ilipokubali, akaogopa itaota ukungu kwa mvua hizi. Akaenda kwa Bualai. Yuko jikoni huko, kaja kunipikia msiba."

Jikoni, kikongwe mdogo mwenye sigara nene ya jani la mgomba mdomoni alikuwa anakanda wali wa kunata. Alimpima Bunlert kwa jicho moja, la pili limefumba kwa moshi.

"Umekula, afande?"

"Bado, bibi."

"Kaa ule. Maiti haikimbii."

Wanawake wengine walicheka wakijiziba midomo. Bunlert alikaa. Mbele yake pakawekwa wali, pilipili ya kusaga na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa.

"Ni wewe uliyemfundisha chifu kukausha?"

"Nilimfundisha. Tundika kichwa chini, weka giza, acha hewa ipite, moto usiuguse. Nikamwambia hii si tumbaku, ukiitia joto utavuta nyasi. Akanisikiliza vizuri. Feni alinunua siku ileile."

"Na wewe ulijulia wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Yuko wapi, nizungumze naye?"

"Hayupo." Alisukuma sahani karibu. "Kula, wali usije ukakauka."

Bunlert alikula. Vijana wote wa Mae Lua hawapo. Wako Bangkok, wako viwandani, wako kwenye meli za watu. Hakuuliza zaidi.

*

Sai Tun alikamatwa stendi ya mabasi jioni ileile akiwa na mfuko wa plastiki wenye shati moja na mswaki. Kufikia asubuhi alikuwa amekaa kwenye chumba cha mahojiano, mikono katikati ya magoti.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Polisi wakija mimi nakimbia, baba. Hata wakija kumtafuta paka."

"Una kibali cha kukaa?"

"Kilikwisha."

"Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Nimelala chini ya nyumba, kwenye machela yangu. Mvua ilikuwa kubwa. Sikusikia kitu."

"Ulimchukia chifu kwa lile kofi?"

"Kofi?" Sai Tun aliinua macho kwa mshangao wa kweli. "Kofi moja tu, baba. Nilikotoka walichoma kijiji."

"Umewahi kuwasha bani?"

"Bani ni nini?"

"Lile jengo alilolala."

"Mimi nilidhani stoo. Lile shimo nyuma, nilidhani ni la kuku."

Bunlert aliweka kalamu chini. Kwa miaka yake yote kazini alikuwa amesikia uongo wa kila rangi, na huu haukuwa mmojawapo.

"Una watu huko kwenu?"

"Mama. Alikimbilia msituni na wengine. Sijui kama bado yupo."

Mrakibu Wirot, mkuu wa kituo, alisikiliza ripoti huku akijikata kucha.

"Gunia kwenye dohani. Kofi shavuni. Mtu katoroka. Bunlert, unataka nini tena, uletewe kadi ya mwaliko?"

"Nataka mtu anayejua moto, mkuu. Huyu hajui hata mdomo wa tanuri ni nini. Aliyewasha pale alisukuma gogo moja, akakandika udongo wenye pumba usipasuke, akabakiza tundu la ngumi moto usinzie bila kuzimika. Mama yangu alikuwa akitunga majani ya tumbaku kwenye kamba, mkuu, nimelala pembeni ya mabani utoto wangu wote. Huo ni mkono wa mlinzi wa moto."

"Walinzi wa moto wako wapi?"

"Mjane anasema wamekufa."

"Kwa hiyo umemkamata mzimu. Safi." Mrakibu alipuliza kucha. "Alama za vidole kwenye udongo?"

"Nimezipeleka maabara. Wanasema mwezi."

"Mwezi! Waandishi wa habari wanakuja kesho. Huyo Mshan ataigiza tukio palepale kwenye bani, wampige picha, kesho kutwa mahakamani."

"Hajakiri, mkuu."

"Watu hukiri wenyewe wakiona kamera."

Bunlert alielekea mlangoni. Alijua mambo yanavyokwenda. Mshukiwa akishapigwa picha akinyoosha kidole, nchi nzima imeshamhukumu. Hakimu husoma magazeti kama watu wengine. Kijana yule angekula kifungo cha maisha kwa kuwasha moto asioujua na kuziba dohani asiyoijua jina. Na kama muuaji asingepatikana kabla ya kesho kutwa, hakuna ambaye angemtafuta tena.

Aligeuka, akaomba jambo moja tu. "Mkuu, kama ni kuigiza, tuwashe gogo kwelikweli. Picha zitatoka vizuri zaidi."

Mrakibu alimtazama kwa kumpenda, kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Sasa unaanza kufikiri."

*

Watu walijaa mapema. Muuza mishikaki ya nyama ya nguruwe aliegesha pikipiki yake chini ya ukuta wa ua na kufanya biashara ya mwaka. Sai Tun aliletwa akiwa amevalishwa helmeti na fulana ya kuzuia risasi iliyompwaya, maana desturi ni hiyo, mtu alindwe na hasira za wananchi. Wananchi wenyewe walikuwa wanatafuna.

"Onyesha ulivyofanya!" Mrakibu alipaza sauti.

Sai Tun alisimama tu. Askari akamwelekeza mkono kwenye gogo, kwenye kiberiti, kwenye ndoo ya udongo. Kila alipoelekezwa aligusa, na kila alipogusa kamera zililia. Gogo likawashwa kwa vijiti vikavu. Moshi ukaanza.

Bunlert hakuwa anamtazama Sai Tun. Alikuwa amempa mgongo, anatazama nyuso za watu. Hakujua anatafuta nini. Alitumaini tu kwamba kama katika bonde lile palibaki jicho moja linalojua moto, halitaweza kutulia.

"Ziba!" alisema Mrakibu.

Sai Tun alichota udongo kwa mikono miwili, akaanza kukandika kama mtu anayeziba shimo la panya. Akajaza juu, akajaza chini, akaupiga makofi, akaongeza. Moto ulianza kukohoa ndani.

"Mbona anauzima?" mtu mmoja alinong'ona.

Katikati ya kundi la wanawake, kikongwe mwenye sigara ya jani la mgomba alikunja uso kama aliyeumwa jino. Mkono wake uliinuka wenyewe.

"Acha tundu chini, we mtoto! Unaua moto!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mpiga picha mmoja alicheka. Bibi Bualai naye alitaka kucheka nao, kisha macho yake yakakutana na ya Bunlert, na kicheko kikamfia mdomoni. Aliushusha mkono polepole. Akageuka, akapenya watu, akashika njia ya kwake bila kuharakisha.

Bunlert alimfuata Mama Sriphan kwenye kizingiti.

"Mama, ulisema walinzi wa moto wamekwisha."

"Wamekwisha."

"Na Bibi Bualai?"

Mjane alijipiga paja. "Ala! Nilimsahau yule. Mumewe alipoanza kutapika damu, yeye akachukua zamu yake. Misimu mingi tu. Mwanamke peke yake kati ya wanaume, tukimcheka." Kisha akashika mwimo wa mlango. "Lakini Bualai ni mtu wetu, mwanangu. Kanipikia msiba."

*

Alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake ya mbao, anasokota sigara nyingine.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, bibi."

"Muongo. Kaa."

Bunlert alikaa ngazi ya chini yake. Alitoa kwenye mfuko wa karatasi kipande cha udongo uliochomeka, kile alichokibakiza, akakiweka kati yao.

"Huu una pumba."

"Bila pumba unapasuka."

"Pale kwa chifu hakuna pumba. Hawalimi mpunga siku hizi. Mtu alizibeba kutoka kwake."

Bibi Bualai alipitisha ulimi kwenye ukingo wa jani, akalibana.

"Una haki ya kunyamaza," Bunlert alisema. "Nalazimika kukuambia."

"Yule mtoto mmempeleka wapi?"

"Karudishwa rumande. Kesho mahakamani."

"Watampa nini?"

"Maisha."

"Hata kama hajui kuacha tundu?"

"Hata hivyo."

"Ana mama?"

"Alikuwa naye mara ya mwisho alipomwona."

Kikongwe aliiweka sigara chini bila kuiwasha. Alitazama mikono yake, ya mtu aliyekaa na moto miaka mingi, yenye makovu mpaka kwenye viwiko.

"Ni mimi," alisema. "Sikujua kwamba watamchukua mtoto wa mtu."

"Ulidhani itakuwaje?"

"Nilidhani mtasema mzee kaikausha kitumbaku. Si ndivyo watu wote walivyosema asubuhi ile? Niliwasikia, nikasema, basi, limepita." Alimgeukia, na sautini mwake hamkuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Bunlert zaidi. "Ni wewe uliyevunja vijiti, mwanangu. Ungeviacha, yule mtoto saa hizi angekuwa anamwagilia mboga."

Bunlert alijua ni kweli. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri, na matokeo yake ndiyo hayo.

"Ngoja nivae blauzi safi," alisema Bibi Bualai.

*

Maelezo yake aliyaandika Bunlert mwenyewe, kwa mkono, katika chumba kilekile alichohojiwa Sai Tun.

"Jina la mwanao?"

"Inthorn."

"Ilikuwaje?"

"Baba yake alikuwa anakufa kifua. Dawa za hospitali hazimshiki, analia usiku kucha mpaka mbwa wanajibu. Inthorn akapata mbegu, akapanda miche mitatu nyuma ya bafu. Alikuwa hajui kitu. Ya kwanza kainyeshea ikaoza, kama hawa wote sasa hivi. Akapanda mingine, akajifunza kidogo kidogo. Anaitundika chini ya dari, anakunja kijiti kila jioni, ananiita, mama, njoo usikie. Siku kilipokatika alifurahi kama kapata mtoto. Akamchemshia baba yake, na baba yake akalala."

"Chifu alijuaje?"

"Harufu. Alikuwa anataka kijiji kiwe safi. Alikuja na askari, akawaonyesha njia mwenyewe, akasimama pale pale kwenye ngazi yangu. Miche mitatu, afande. Wakaing'oa, wakampiga mwanangu picha ameishika."

"Akafungwa."

"Akafungwa. Baba yake akafa akiwa analia tena. Inthorn akapata kifua kikuu gerezani, wakaniletea kwenye gari amefungwa shuka. Alikuwa mrefu, miguu ilizidi shuka."

Kalamu ya Bunlert ilisimama. Akailazimisha kuendelea.

"Kwa hiyo ulilipiza kisasi."

"Hapana. Andika vizuri. Nilimsamehe." Bibi Bualai aligonga meza kwa kidole. "Andika nilimsamehe. Alikuja msibani, akaleta shada la maua, akasoma hotuba. Bati langu liliponing'inia kwa upepo alituma watu wakaligongea. Nilikula kwake, naye alikula kwangu. Nilijiambia, ilikuwa sheria, na yeye chifu, angefanya nini? Na sheria ilipobadilika, kila mtu akaanza kupanda, nikasema haya, ndivyo dunia ilivyo. Nililia siku moja tu."

"Sasa nini kilibadilika?"

"Alikuja na mfuko wa machungwa. Akakaa kwenye ngazi yangu. Ana furaha kama mtoto. Shangazi, anasema, bangi yangu imekubali, ila naogopa ukungu, nasikia kwako mlikuwa mnajua kukausha. Nikamfundisha. Yote, kama Inthorn alivyofanya. Mpaka kijiti nikamwonyesha kwa kutumia ukuni wa jikoni. Akanishukuru. Nikasema, mimi sijui kitu, aliyekuwa anajua ni Inthorn."

Alikunja ncha ya blauzi yake. Feni ya dari ilikuwa inalalamika.

"Akaniuliza, Inthorn yupi?"

"Alisahau jina?"

"Nikasema, mwanangu. Akafikiri. Akasema, aah, yule kijana mrefu! Kisha akaniuliza anaishi wapi siku hizi. Akasema, akija kukusalimia mwambie apitie kwangu, anitazamie mimea."

Bunlert aliinua uso.

"Hakuwa ananidhihaki," Bibi Bualai alisema. "Nilimtazama machoni, nilitaka awe ananidhihaki. Hakukumbuka, afande. Alimwita askari, akamtoa kwangu, akamsomea hotuba msibani, na hakukumbuka kwamba amekufa. Angesema alikosea, ningemwambia yamekwisha. Angesema ilikuwa sheria, ningenyamaza kama nilivyonyamaza. Lakini aliniuliza anaishi wapi."

"Ndipo ukaamua."

"Sikuamua siku hiyo. Nilikula machungwa yake. Lakini usingizi ukakataa. Yeye alikuwa kaniambia mwenyewe kwamba analala banini kulinda mali yake. Mvua ilipokuja kubwa nikachukua udongo na pumba, nikaenda. Niliwasha kama nilivyokuwa nikiwasha. Nilipoziba dohani nilisikia feni yake inazunguka huko ndani, nikajua kanisikiliza vizuri."

Dirishani, ng'ambo ya ua wa kituo, lori la uhamiaji lilikuwa limerudi nyuma hadi kwenye mlango wa mahabusu. Saa moja kabla, Bunlert alikuwa amepeleka habari za ukiri kwa Mrakibu Wirot, akidhani anambeba kijana wa watu mikononi kumtoa shimoni. Mrakibu hakubishana hata kidogo. Kesi ya mauaji tunaifuta, alisema, hongera sana, lakini huyu hana kibali, na kamera zote zimeshamwona, nitamwachiaje? Bunlert alisema huko anakopelekwa wanachoma vijiji. Mrakibu akasema hilo si la kituo chake.

Sai Tun alitolewa na wengine wanne, bila helmeti safari hii. Alikuwa bado ameshika mfuko wake wa plastiki. Alipanda lorini kwa utii uleule aliokuwa nao kila alipoelekezwa.

"Na yule mtoto?" aliuliza Bibi Bualai. Alikuwa ameketi mgongo ukielekea dirishani. "Mmemwachia?"

Injini iliwaka nje.

"Anakwenda kwao, bibi," alisema Bunlert.

"Leo hii?"

"Leo hii."

"Basi," alisema kikongwe, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Mama yake atampikia."

Lori lilitoka getini. Bunlert aligeuza karatasi, akasogeza kidau cha wino, akalishika dole gumba la bibi, akaliweka mahali pa sahihi.